Namna ya kusoma Madame Bovary na watu wa nyumbani bila kikao kuvunjika

Kama uko Lamu na unataka kusoma na wenzako Madame Bovary, riwaya ya Kifaransa ya Gustave Flaubert yenye mke wa mtu (Emma), mahawara wawili (Rodolphe na Léon) na mume asiyejua kitu (Charles), kitabu chenyewe si kazi, kazi ni nani atakaa karibu na nani. Nasema hivi manake mara ya kwanza tulijaribu darini kwa shangazi yangu, Langoni, na hatukufika mbali, mtu mmoja akatoka na "huyu Emma si kama fulani tu", kumbe wifi yake huyo fulani yuko pale pale anamenya machungwa. Kikao kikafa hapo hapo, mahamri yakabaki sahanini na mimi nikazunguka nyumba mbili kuomba radhi.

Kwa hivyo sharti la kwanza, litoe kabla kahawa haijamiminwa: hakuna kutaja mtu wa mji huu, awe hai au marehemu. Mkitaka kusema, semeni Emma, semeni Charles, hao wako Ufaransa hawatasikia.

Kitabu kipo bure mtandaoni kwa Kiingereza, tafsiri ya Eleanor Marx ya 1886, (ndiyo, binti yake Karl Marx), kila mtu anaweka kwa simu basi. Kina sehemu tatu, sura 9, kisha 15, kisha 11. Usigawe vikao vitatu, hiyo sehemu ya katikati ni nzito, ipe vikao viwili. Asiyesoma Kiingereza asiachwe nje. Sisi mmoja anasimulia sura kwa Kiswahili, anarekodi voisi anatuma kwenye grupu, na nikwambie kweli, bi mkubwa wetu ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja ndiye aliyekuwa na maneno kuliko sisi wote tuliokwenda shule.

Sasa maswali. Usianze na "Emma amekosa au hajakosa?" Ukianza hapo umemaliza, manake kila mtu atasema amekosa, halafu mtatazamana. Anza na deni. Kuna mfanyabiashara anaitwa Lheureux, muuza vitambaa, huyu hasukumi wala hapigi kelele, anakuja na shali zake anatandika, ukisema huna pesa anacheka, ati utalipa tu bibie, kati yetu hakuna neno. Ukishachukua anarudi na hati ya kutia sahihi, hati inazaa hati, mpaka siku amri inakuja ya faranga 8,000 zilipwe kwa saa 24. Hapa usiongoze tena, nyamaza. Nani hajui mali kauli? Nani hajachukua dera akisema mchezo ukinifikia nitalipa, au mkopo wa simu wa kulipia mkopo wa simu? Kikao chetu cha pili chote kilikwenda kwa Lheureux, mahawara hatukuwagusa, na mtu mmoja akasema neno ambalo sijalisahau: "Wale wanaume walimwacha, deni halikumwacha."

Baada ya hapo ndio mwende kwa wanaume. Usisimulie mapenzi yao yote, chagua kitu kimoja kidogo usome taratibu. Mimi huchagua Rodolphe anapoandika barua ya kumuacha. Amemaliza barua, anaitazama, anaona haina chozi hata moja, basi anachovya kidole kwenye gilasi ya maji anadondosha tone kubwa juu ya karatasi, wino unapauka pale. Kisha barua inawekwa chini ya kikapu cha matunda, aprikoti, inapelekwa kwa Emma. Soma hapo halafu uulize tu: hilo tone mngelijua? Wasichana wetu walicheka mpaka kahawa ikamwagika, mmoja akasema siku hizi tone ni emoji.

Ile safari ya gari la farasi mjini Rouen, Emma na Léon ndani, mapazia yameshushwa, gari linazunguka mji mzima na dereva amechoka ana kiu lakini kila akisimama anafokewa aendelee, hiyo ukiwa na wazee ipite haraka. Hata jarida la Revue de Paris lililoichapa riwaya 1856 liliikata. Ingawa kwetu ilileta mzaha wenyewe, mtu akauliza hapa Lamu wangefanya na nini, punda?

Kuna lalamiko litakuja, jitayarishe nalo: "mbona mwandishi hamkemei?" Linakuja kila mara, na zaidi kwa watu wazima. Usimwambie mtu hajaelewa, manake ameelewa sana. Mwambie Flaubert alishtakiwa kwa kitabu hiki, na hilo hilo ndilo alilolalamikia mwendesha mashtaka Ernest Pinard mahakamani Paris, Januari 1857, kwamba ndani ya kitabu hakuna mtu hata mmoja wa kumhukumu yule mwanamke. Flaubert akaachiliwa 7 Februari, akakaripiwa tu. Bi mkubwa aliposikia alifurahi kweli, ati kumbe yeye na serikali ya Ufaransa wana shauri moja.

Wanaume mkiwa nao watapasuka kwa Charles. Mke amekufa, mume amezikuta barua za mahawara, na siku anakutana na Rodolphe, Rodolphe anamkaribisha bia, naye Charles anamwambia sikulaumu, ni majaaliwa. Ami yangu alisimama akavaa kofia yake akasema huyu si mume ni mto wa kulalia. Muache atoke apunge upepo, atarudi.

Kikao cha mwisho kiwe cha Berthe, mtoto. Soma pale anapomkimbilia mamake na Emma anamsukuma kwa kiwiko, mtoto anaangukia kabati anapasuka shavu, Emma anasema alikuwa akicheza, halafu usiku anamtazama amelala na anawaza ajabu, vile mtoto huyu ni mbaya wa sura. Na hapa sisi watu wa huku tuna kitu cha kuweka kando yake: 1858, mwaka mmoja baada ya kesi ile, Mwana Kupona aliyekuwa mke wa Sheikh Mataka wa Siyu, naye mgonjwa, alimwandikia binti yake utendi mzima wa wosia namna ya kukaa na mume na watu. Usitafute nani bora, ukifanya hivyo itageuka mawaidha na vijana watashika simu. Uliza tu Emma angekuwa na siku moja zaidi angemwachia Berthe wosia gani. Sisi hilo swali lilituchukua tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, na walionena ni wale ambao vikao vyote walikuwa kimya.

Mtu atauliza mtoto alikwenda wapi, manake kwenye voisi hiyo sehemu hurukwa. Babake alikufa, akapelekwa kwa bibi yake mzaa baba, bibi naye akafa mwaka ule ule, akachukuliwa na jamaa maskini ambaye alimtia kiwanda cha pamba akafanye kazi ale. Sema hivyo tu, kisha mimina kahawa iliyobaki.