Kupiga picha za nyota bila kuhangaika na Polaris

Kwa sisi wa Dar ile Polaris, nyota ya kaskazini ambayo watu hulengea maunti (kishikilio cha kamera kinachofuata nyota), iko chini ya upeo wa macho, hata uitafute vipi huioni, kwa hiyo chukua tu maunti ya mota ya altazi, ile inayoenda juu-chini na kushoto-kulia.

Tripodi ikae levo kabisa, alafu unaielekezea nyota mbili zilizoachana mbali, mfano Sirius na Capella, baada ya hapo maunti inafuata nyota yenyewe.

Shida ni moja, picha inazunguka polepole ndani ya fremu, na huku karibu na ikweta ukielekea kaskazini au kusini inazunguka haraka zaidi, ila mashariki au magharibi karibu haizunguki kabisa, so piga huko. Nebula ya Orion (wingu la gesi angani) Januari jioni inapanda mashariki, raha tupu, ila ikikaribia utosini achana nayo maana mota inahangaika.

Eksposha (muda wa kila picha) sekunde 10 hadi 20, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 1600, faili ghafi za RAW, piga picha nyingi hata 200 kisha uzistaki, yaani uziunganishe ziwe picha moja, kwa programu ya Siril, ni ya bure na inanyoosha mzunguko yenyewe. Kingo zikibaki na weusi, kata.