Nairobi hadi New York: umbali, saa za hewani na mtego wa saa kumi kasoro robo

Kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi (JKIA) hadi ule wa New York (JFK), ukipima njia fupi kabisa juu ya dunia, ni takriban kilomita 11,840. Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja Oktoba 2018. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14. Hiyo saa moja inaliwa na upepo: huko juu unavuma kwa kasi kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi nyumbani unakusukuma.

Wa Dar hana bahati hiyo ya ndege ya moja kwa moja. Kwa njia fupi ni kama kilomita 12,400, lakini akipitia Doha anazunguka karibu 14,600, yaani kama saa 20 hewani, bado hujahesabu za kukaa kwenye benchi ukisubiri ndege ya pili.

Sasa tiketi. Saa zinazoandikwa ni za mji husika, kuondoka na kufika. Tuseme umeondoka Nairobi 23:55 ukafika New York 06:55. Kwa haraka utaona saa saba, ukajiuliza mbona ni karibu hivyo. Ongeza nane za tofauti ya majira, unapata 15. Hizo nane ni za kipindi cha baridi. Wamarekani wakisogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, zinabaki saba hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Iliyonitoa jasho ni tarehe. Nilimkatia mama tiketi kutoka Dar, imeandikwa 03:45, Jumamosi. Nikampigia: "Mama, ndege ni Jumamosi, saa kumi kasoro robo usiku." Akaaga mtaa mzima, na Jumamosi saa sita usiku akawa uwanjani na dagaa wake waliofungwa magazeti tabaka tatu. Ndege ilikuwa imeshaondoka tangu alfajiri ya siku hiyo.

"Si uliniambia Jumamosi usiku, mwanangu?"

Nilimwambia hivyo hasa. Nikalipa faini ya kubadili tiketi na kunyamaza. Na lugha yetu ina dawa yake tangu zamani: usiku wa kuamkia Jumamosi. Miaka ya kusoma saa za simu ilikuwa imenisahaulisha. Siku hizi namwambia tu, "Mama, Ijumaa ukimaliza kula chakula cha usiku, unatoka nyumbani."

Kama safari haiishii New York, labda unaendelea Columbus au Minneapolis, kumbuka begi halijipeleki. Uwanja wa kwanza wa Marekani ndipo unapopita uhamiaji, unachukua mizigo, unapita forodha, kisha unaikabidhi tena, hata kama Nairobi walikubandikia lebo ya mwisho wa safari. Mimi siachi chini ya saa tatu kati ya ndege na ndege, na kwa mzazi anayesafiri mara ya kwanza naacha nne. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali huwa za bei nafuu, ila ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina deni na wewe. Kwa mama, nanunua moja.