Siku Mbili Katika Hoteli Kongwe ya Mlimani

Kabla ya kulipa, uliza chumba kiko jengo la zamani au la nyongeza. Picha za matangazo aghalabu ni za lile la zamani. Uliza na lifti.

Mabomba ya mvuke ya kupasha chumba joto yakigonga usiku, ni mvuke unaosukuma maji yaliyotuama ndani. Kwenye mfumo wa bomba moja, yaani mvuke na maji hupita bomba lile lile, valvu ya kipasha joto ifunguliwe yote au ifungwe yote. Ukiiacha nusu, maji yananaswa na kelele inazidi. Chukua vizibo vya masikio.

Juu ya mita 2,500, siku ya kwanza tembea polepole na pombe iache. Kichwa kikiuma, usipande zaidi. Hali ikizidi, shuka. Chai nayo haikolei vizuri: kwenye mita 2,400 maji huchemka kwa nyuzi 92 hivi, basi iache ikae zaidi.