Kutoa maji ya uti wa mgongo na kupima presha yake

Mbeya, Iringa na Njombe ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa VVU, kwa hiyo wodini hutakosa mgonjwa aliyeumwa kichwa wiki mbili, anatapika na anaona vitu viwili viwili. Fikiria fangasi wa kriptokoka, anayeshambulia utando wa ubongo. Kinachomuua mapema mara nyingi ni presha ndani ya fuvu, na ndiyo wanafunzi wengi husahau kuipima.

Akiwa amepooza upande mmoja au ana degedege la kujirudia, usichome mgongo kabla ya CT, yaani picha ya ubongo. Huku kitimoto kinaliwa sana, na mabuu ya tegu kwenye ubongo si jambo la ajabu. Jicho lililoshindwa kutazama nje pekee halizuii. Damu isiyoganda, au jipu pale unapotaka kuchoma, vinazuia.

Ndugu watakuambia, "Daktari, akichomwa mgongo atapooza." Usiwakaripie. Waeleze: "Mama, uti wenyewe unaishia juu, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno (L1 au L2). Sisi tunaingia chini yake."

Mlaze ubavu, magoti kifuani, kidevu chini. Julai baridi ya Njombe humtetemesha mgonjwa, na anayetetemeka hakunji mgongo vizuri. Mfunike blanketi, acha kiuno tu. Mstari unaounganisha vilele vya mifupa ya nyonga hupita L4. Chagua L3/L4 au L4/L5. Safisha, weka drepu (kitambaa kisicho na vijidudu), choma ganzi ya lidokeini 1% ml 3 hadi 5, kisha subiri dakika mbili. Hapo ndipo watu hukosa uvumilivu.

Sindano ya namba 22 ielekee kitovuni, mdomo wake ukitazama dari ili upenye kati ya nyuzi za utando bila kuzikata. Ukigonga mfupa, rudi hadi karibu na ngozi ndipo ubadili mwelekeo. Kupindisha sindano ikiwa ndani hakusaidii. Ukihisi imelegea ghafla, chomoa waya wa ndani.

Sasa mwambie anyooshe miguu taratibu na apumue, kwa sababu tumbo lililobanwa hupandisha kipimo. Huna manomita, kile kipimo cha presha? Unganisha mpira wa dripu usio na vijidudu, uinue wima kwenye stendi, pima kwa rula kutoka usawa wa sindano hadi maji yanaposimama. Zaidi ya sm 25, toa maji kidogo kidogo hadi presha ishuke chini ya sm 20, au nusu ya ilivyoanza ikiwa ilikuwa juu mno. Pima tena kila ukitoa ml 10. Dalili zikiendelea, rudia kesho yake.

Maji yenye damu yakizidi kutakata chupa hadi chupa, ulichubua mshipa. Omba kipimo cha antijeni ya kriptokoka, yaani chembe za fangasi huyo. Wino wa India, unaotumika kumtafuta fangasi kwa hadubini, huwakosa wagonjwa wengine. Rudisha waya kabla ya kuchomoa sindano.

Usimpe deksamethasoni (dawa ya steroidi), ina madhara katika ugonjwa huu. ARV zisubiri wiki 4 hadi 6 baada ya dawa za fangasi kuanza.