Kishona nguo kwenye jeraha dogo: namna ya kukitumia na wakati wa kukiacha

Mtu akijikata shambani kwa jembe au kisu, mkono wa kwanza huenda kwenye kishona nguo. Majani yanasuguliwa viganjani, maji yake ya kijani yanakamuliwa juu ya jeraha. Mmea huu, Bidens pilosa kwa jina la kitaalamu, ndio inyabarasanya ya Rwanda, ssere ya Waganda na mũcege wa Wakikuyu. Una nafasi yake, ila ni nafasi finyu: mikwaruzo na mikato mifupi isiyo na kina. Kinachozuia damu hasa ni mkono unaokandamiza. Jani ni msaidizi tu.

Kwa hiyo anza na kitambaa. Nawa mikono kwa sabuni, kunja kitambaa safi au shashi, weka juu ya jeraha na ukandamize kwa nguvu dakika 10 mfululizo, sehemu iliyoumia ikiwa imeinuliwa juu ya usawa wa moyo. Usichungulie. Kosa hili ndilo linalorudisha damu kuliko mengine yote: kila ukifunua, unang'oa utando wa damu iliyoanza kuganda na kuanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, cha chini kisiondolewe.

Wakati wewe unakandamiza, mwingine aandae majani. Hakikisha mmea ni wenyewe: shina lina pembe nne, majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, na kwa kawaida kila jani limegawanyika vijani vitatu hadi vitano vyenye kingo za meno. Ua lina kitovu cha njano, mara nyingine na petali chache nyeupe pembeni. Mbegu ni nyeusi, nyembamba, zenye ncha mbili au tatu zinazong'ang'ania nguo. Kama huna uhakika, usiubandike kwenye ngozi iliyopasuka.

Chuma konzi moja ya majani machanga ya juu, kabla mmea haujakauka na kujaa mbegu. Pahali pa kuchumia pana uzito kuliko watu wanavyodhani: si kando ya barabara, si karibu na choo wala zizi, na si kwenye shamba lililopuliziwa dawa, kwa sababu kishona nguo ni gugu na mara nyingi ndicho kilicholengwa na dawa yenyewe. Vilevile hufyonza metali nzito kutoka kwenye udongo mchafu, na hizo hazitoki kwa kuoshwa.

Suuza majani mara tatu kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Twanga kwenye kinu kidogo kilichomwagiwa maji ya moto; kusugua kwa viganja vyenye udongo ni kupeleka udongo huo ndani ya mwili. Funga majani yaliyotwangwa kwenye shashi.

Sasa tazama jeraha. Damu ikiwa imeshakata, na mara nyingi huwa imekata, majani hayana kazi tena: osha taratibu kwa maji safi na sabuni, funga, basi. Ikiwa bado inavuja kidogo, ondoa uchafu kwa maji safi, kamua matone machache juu ya jeraha, funika kwa shashi safi na ukandamize dakika 10 nyingine. Makapi yasiingie ndani. Nyuzi zake hubaki kwenye nyama na kuleta usaha. Maji yaliyobaki mwaga. Hayahifadhiwi hadi kesho, yanachacha.

Mwenye ngozi inayowashwa na pareto au alizeti asitumie, mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na kishona nguo. Wekundu, mwasho au malengelenge yakitokea, osha mara moja na usirudie.

Damu inayoruka kwa mapigo, au isiyokata baada ya kukandamiza dakika 20, au jeraha lililoachama, au mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande: hapo nenda hospitali huku mkono ungali umekandamiza. Aliyeng'atwa na mbwa aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, bila jani lolote, kisha apelekwe akachanjwe kichaa cha mbwa. Kitovu cha mtoto mchanga kisiguswe kwa majani, majivu wala samadi. Pepopunda huingilia hapo. Na mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua hana tiba ya majani. Kila dakika ya kutwanga ni damu anayoipoteza.

Damu ya pua nayo haitaki majani puani. Akae, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 10 na kupumua kwa mdomo.

Kuna wanaokunywa mchemsho wake ili kuzuia damu ya ndani. Tusikubaliane na hilo: anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Jeraha lililoingia udongo au samadi linahitaji chanjo ya pepopunda ikiwa miaka 5 imepita tangu ya mwisho, au kama hukumbuki. Nenda hata kama damu imekata vizuri, kwani dalili za pepopunda kwa kawaida huanza siku ya 3 hadi ya 21, jeraha likiwa pengine limeshapona. Badilisha shashi kila siku; uvimbe unaoongezeka, joto, harufu au usaha ni sababu ya kurudi kituo cha afya, si ya kuongeza majani.