Namna ya kuandika historia ya duka la makombe la familia kabla wazee hawajasahau

Duka letu hapa Mtwara mjini linauza vikombe, medali na ngao tangu enzi za babu, sasa wajukuu tukasema tuandike historia yake tukakuta hakuna anayejua lilianza lini. Baba anasema hivi, shangazi anasema vile, bibi anacheka tu. Kama na nyie mna biashara ya hivi, fanyeni kama tulivyofanya.

Kwanza usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani", atakutajia mwaka wowote ili umwache apumzike. Muulize tukio. Baba tulimuuliza mzigo ulikuwa unakujaje kutoka Dar, akasema safari yake ya kwanza peke yake alivuka mto Rufiji na pantoni pale Ndundu, boksi la vikombe kalipakata kama mtoto, basi tukajua ni kabla ya 2003 maana mwaka huo ndo lilifunguliwa Daraja la Mkapa pale Rufiji. Shangazi yeye anahesabu kwa mpira, alianza kufunga riboni za medali msimu Ndanda, timu ya huku kwetu Mtwara, imepanda Ligi Kuu, hiyo ni 2014/15. Na mwaka wa madeni kila mtu nyumbani anaukumbuka, ule wa serikali kununua korosho kwa 3,300 kilo na jeshi kuja kubeba, mwishoni mwa 2018. Huku kwetu hela ya korosho ikichelewa hata kombe la bingwa linakopwa, na bingwa akishalibeba nani atalirudisha dukani?

Warekodi kwa simu, tena wawili wawili. Mzee akiwa peke yake anapamba, akiwepo mdogo wake pembeni atakatwa kauli kila dakika na hapo ndo mambo yanatoka.

Daftari la oda likiwepo piga picha kila ukurasa leo leo, mchwa hawasubiri.

Ila utamu wenyewe upo nje ya duka. Sisi wa makombe tuna bahati, bidhaa yetu inaandikwa tarehe halafu watu wanaitunza kabatini. Zungukeni ofisi za walimu wakuu, ofisi za kata, madrasa zinazoshindanisha kuhifadhi Qurani, mjieleze vizuri, mwombe kupiga picha. Kibati cha maandishi kwenye kombe kikiwa kimepauka usikisugue na steelwire, utafuta na maandishi, we zima taa umulike tochi ya simu kwa ubavuni, herufi zitajitokeza. Kombe la kuzunguka, lile linalohamia kwa kila bingwa mpya, lina vibati vingi, anza na cha zamani.

Utajuaje ni la kwenu? Pitisha ukucha. Babu alikuwa anachonga kwa mashine ya mkono, unafuata herufi kwenye kibao cha mfano upande huu, sindano inachimba upande ule, kwahiyo ukucha unakwama kwenye mfereji. Za leza tunazofanya siku hizi zinaondoa rangi ya juu tu, ukucha unateleza. Halafu tafuta kasoro, kasoro ndo sahihi ya fundi. Kibao cha namba cha babu kilimeguka kwenye tano, kwahiyo tano zake zote zinafanana na sita, ukiiona hiyo huhitaji kuuliza.

Na aibu ziandikeni pia. Kuna timu ilipokea kombe letu limeandikwa MSHIDI WA KWANZA mbele ya mgeni rasmi, baba hataki kabisa tuliweke, tumeliweka.

Msisahau wanawake maana kwenye risiti hawapo. Bibi ndo alikuwa anasoma spelingi kabla babu hajachonga, siku ya MSHIDI alikuwa kasafiri msibani.

Kombe la zamani kuliko yote tumelikuta kwenye shule moja upande wa Newala, mkono mmoja haupo, ndani wameweka chaki. Tarehe inasomeka vizuri kabisa mpaka namba ya mwisho, ambayo ni tano au sita. Kurudi kwenye daftari, ukurasa huo mchwa walishaula. Tumeandika 1985 au 1986, na bibi bado anacheka tu.