Jinsi ya kusoma Die unendliche Geschichte kwa Kijerumani ukiwa na tafsiri yake pembeni

Kama unajifunza Kijerumani na umeshachoka na vile vidayalogi vya kwenye kitabu cha kozi, chukua hii riwaya ya Michael Ende. Ilitoka 1979 kwa wachapishaji Thienemann wa Stuttgart, na Kiingereza chake, The Neverending Story, alikitafsiri Ralph Manheim kikatoka 1983. Stori ni ya mtoto mmoja, Bastian, anaiba kitabu kwenye duka la vitabu vya zamani, anajificha darini shuleni anakisoma, na kadiri anavyosoma ndivyo kinavyomvuta ndani, kwenye nchi ya Phantásien ambayo inaliwa kidogo kidogo na kitu kinaitwa das Nichts, Utupu.

Kabla hujalipa hela fungua kurasa za ndani kwanza, na kama unanunua mtandaoni tafuta picha za kurasa, usiishie kwenye kava. Toleo la asili lina wino wa rangi mbili, nyekundu kwa dunia ya Bastian na kijani-bluu kwa Phantásien, na sio urembo tu jamani. Kile kitabu anachoiba Bastian kimeelezwa vizuri mle ndani: jalada la hariri ya rangi ya shaba, nyoka wawili wanaumana mikia, maandishi ya rangi mbili, picha haoni ila kila sura inaanza na herufi kubwa nzuri. Sasa we unasoma hayo maelezo halafu unaangalia ulichoshika mkononi, rangi mbili, herufi kubwa, unashtuka kwamba ni kilekile! Matoleo mengi ya bei rahisi yana wino mweusi peke yake na sehemu za Bastian wameziweka kwa italiki. Yanasomeka, ila huo mshtuko hutaupata, na mimi naona ndio nusu ya raha yote.

Hizo herufi alizichora Roswitha Quadflieg, ziko 26, sura ya kwanza A mpaka ya mwisho Z. Kuna toleo la 2019 pia lenye picha za rangi za Sebastian Meschenmoser, zuri sana, lakini kwa mtu anayesoma mara ya kwanza ningesema anza na lile la herufi tupu ili uone anachoona Bastian. Na pale mwanzo kabisa utakuta maandishi yamegeuzwa, usirudishe kitabu ukidhani kimeharibika kiwandani, hicho ni kibao cha kwenye kioo cha mlango wa duka la Karl Konrad Koreander, unakisoma ukiwa upande wa ndani.

Haya, kwenye kusoma. Namba za kurasa hazitalingana kati ya lugha mbili kwa hiyo zisahau, tumia herufi. Sura ya kwanza kwa Kijerumani inaanza "Alles Getier im Haulewald", Manheim kaandika "All the beasts in Howling Forest", A imebaki A. Hapo ndio unaona kazi ya mtafsiri, maana kila sura lazima neno la kwanza lianze na herufi yake, hata iwe X! Ende aliwaachia msaada kwenye majina: sura ya 24 inafunguliwa na jina la mchawi Xayíde, na ya 13, ambapo nusu ya pili inaanza na Bastian ameshaingia mwenyewe kwenye stori, inafunguliwa na jina Mondenkind, Kiingereza Moon Child, M kwa M. Hebu fikiria mtu akiitafsiri kwa Kiswahili, X na Q hatuna, bila hayo majina angefanyaje.

Mimi naenda hivi: nasoma sura nzima kwa lugha ninayoielewa, kesho yake naisoma kwa Kijerumani bila kamusi hata kama nusu inanipita, halafu nachagua kurasa mbili tu nazipitia sentensi kwa sentensi. Mbili zinatosha, ukitaka kuchambua sura nzima utakiacha kitabu kabla ya herufi D. Pia jiandae na Präteritum, ule wakati uliopita wa kwenye maandishi ambao kwenye maongezi huusikii sana, humu umejaa kila mstari, na hakuna namna nzuri ya kuuzoea kama kwenye stori unayotaka kujua imeishaje.

Weka daftari la majina. Phantásien kwa Manheim inakuwa Fantastica, joka Fuchur anakuwa Falkor, usipoandika utadhani ni viumbe wawili tofauti. Huyo joka ni Glücksdrache, na Glück kwa Kijerumani ni bahati na ni furaha papo hapo, Kiingereza kinabidi kichague moja, sisi tuna "heri" inayobeba zote mbili, joka la heri, safi kabisa. Neno la kukaa nalo muda mrefu zaidi ni yale maandishi ya kwenye kidani cha AURYN, TU WAS DU WILLST, yaani fanya utakalo. Bastian anadhani maana yake ni fanya lolote linalokujia kichwani, simba Graógramán ndio anamwambia hapana, ni kufuata lile utakalo kwelikweli, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Nusu ya pili yote imesimama juu ya hiyo sentensi, ndio maana filamu ya 1984 haikusaidii hapa, inaishia nusu ya kwanza na Ende mwenyewe aliipinga.

Mwisho, jaribio dogo la kupima tafsiri yoyote utakayopata. Kuna sentensi inajirudia kitabu kizima, "Aber das ist eine andere Geschichte und soll ein andermal erzählt werden", yaani lakini hiyo ni hadithi nyingine, itasimuliwa siku nyingine. Kila ukikutana nayo weka alama ya penseli, uone kama mtafsiri ametumia maneno yaleyale kila mahali, halafu angalia mstari wa mwisho kabisa wa kitabu, kwa sababu na wenyewe ni huohuo.